Nilivyochagua Kambi ya Chini

Askari wa getini aliponigeukia akasema, "Basi mzee, wewe ndiye mkubwa wao, chagua wewe, mnalala kambi ya juu au ya chini?" nilipaswa kusema sijui. Lilikuwa neno jepesi tu, na lilikuwa la kweli, maana maisha yangu yote sikuwahi kulala kwenye hema hata mara moja, na habari za wanyama wa porini nilikuwa najua zile tulizosoma sekondari, kwamba tembo anakula majani. Lakini nilikuwa nimeulizwa mbele ya mkwe wangu, na mzee akiulizwa mbele ya mkwe huwa anajua kila kitu (sisi watu wa Rungwe ndiyo zaidi), kwa hiyo nikakunja mikono nyuma, nikaitazama ramani iliyobandikwa ukutani kama vile niliichora mimi, nikanyoosha kidole, nikachagua. Aibu yote nitakayowasimulia ilianzia kwenye kidole kile. Mkitaka kucheka chekeni, hata mimi huwa nacheka nikifika katikati, ila mwisho wake huwa unanishinda.

Nieleze kwanza tulikuwa akina nani na tulifuata nini kule. Mimi naishi Uyole, Mbeya, peke yangu tangu mama Gwakisa alipofariki. Nilikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika mpaka chama chenyewe kikafa, sasa nina kipande cha viazi na kuku kadhaa. Gwakisa ndiye mwanangu wa pekee, ni fundi umeme, anaishi Iringa, pale Mlandege, na mke wake anaitwa Leokadia, binti wa Kihehe kutoka upande wa Tosamaganga, muuguzi, mtoto mwenye adabu hata majirani wanamwonea wivu Gwakisa. Muda mrefu Gwakisa alikuwa ananipigia simu, baba njoo ukae na sisi, baba baridi ya Uyole itakuua, baba unakula nini huko. Na mimi nilitaka. Nilitaka kuliko alivyojua, maana mtu ukiishi peke yako sana unafika mahali unawasimulia kuku habari za jirani na unangoja wajibu. Kilichonizuia kilikuwa kitu kimoja tu, kwamba kwenye nyumba ile kuna mkamwana.

Kwetu Wanyakyusa, kwa wale walioshika mambo ya zamani, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Sisemi hawapendani, nasema hawaonani. Mkamwana hapiti mbele ya baba mkwe, hamtazami usoni, hali naye, hamtaji jina, na baba mkwe naye ni vivyo hivyo, wakikutana njiani mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Najua wengi wameacha. Wapo wazee wa rika langu wanakaa sebuleni na wakamwana zao wanaangalia taarifa ya habari, wanagombania rimoti. Mimi sikuacha, mama yangu mzazi aliishi hivyo na babu yangu mpaka babu anazikwa, nami nikaona heshima yote ya nyumba imekaa hapo. Leokadia alipoolewa alielezwa, na ingawa si mila ya kwao aliishika kuliko hata mabinti zetu. Nikifika Mlandege ananisalimia kutoka nyuma ya mlango, "Shikamoo baba," nami nauambia mlango, "Marahaba mwanangu," tumemaliza. Chakula analeta Gwakisa. (Kuna asubuhi tulikutana koridoni, yeye na ndoo, mimi na mswaki mdomoni, yeye akageukia ukuta huu, mimi nikageukia ukuta ule, tukasimama hivyo kama wanafunzi waliopewa adhabu, hakuna anayejua nani aondoke kwanza, mpaka Gwakisa akatoka chumbani akasema, "Jamani, mmoja wenu asogee basi, nachelewa kazini.")

Safari ya hifadhini ilikuwa wazo lake Gwakisa. Alisema twende wanne, yeye na mkewe, mimi na baba yake Leokadia, tukalale porini siku mbili, mahali pasipo na makoridoo wala milango, tuone kama tunaweza kuwa watu wa nyumba moja. Wala hakunizunguka. Aliniambia wazi kwenye simu, "Baba, hii safari ikienda vizuri hurudi tena Uyole. Tukitoka huko unabaki Mlandege moja kwa moja, vitu vyako nitakuja kuvichukua mimi." Kwa hiyo nilipanda basi la Iringa moyo unanidunda kama mtu anayekwenda kwenye usaili wa kazi, na kuku wangu niliwaacha kwa jirani nikimwambia labda sirudi, wagawane na wanawe.

Baba yake Leokadia tunamwita Mzee Nyenza. Ni mkulima wa mahindi na alizeti, mfupi, ana goti bovu, ila mdomo wake haujawahi kuugua. Nilikuwa nimebeba mkungu wa ndizi mbivu kutoka nyumbani, maana huwezi kwenda kwa wakwe mikono mitupu, na tangu tunatoka mjini mpaka tunaipita Idodi yeye hadithi yake ilikuwa mkungu tu.

"Kamwene mkwe," ananisalimia upya kwa Kihehe, kama vile ndiyo kwanza tumeonana. "Hivi huo mkungu umetuletea sisi au umewaletea nyani?"

"Nimekuletea wewe," nikamwambia.

"Haya, ndiyo maana nauliza. Naona umenichanganya na nyani."

Gwakisa anaendesha anacheka, mimi nacheka, na nyuma kabisa, kiti cha mwisho, Leokadia ameegemea dirisha, amejifunika kitenge kichwani, hasemi, kwa sababu mimi nimo. Nilidhani amelala.

Basi tukafika getini, na askari akaanza kutueleza. Kambi zote mbili ni za watu wote, akasema, tofauti yake ni kwamba ya juu ipo kwenye mwinuko, ina bomba la maji, banda la kupikia, vyoo vizuri na mabafu, na usiku askari wanapita pita kuangalia usalama. Ya chini ipo kando ya mto, kivuli chake kizuri, lakini huduma hakuna, ni vyoo vya shimo tu, "halafu msimu huu migunga inaangusha maganda."

Mtu mwenye akili angeuliza, maganda yanahusu nini? Mimi niliuliza hivi: "Hivyo vyoo vya kambi ya juu, njia yake ya kwendea ni moja au mbili?"

Askari akanitazama vizuri. "Njia?"

"Ndiyo. Wanawake wanapita wapi na wanaume wanapita wapi?"

"Njia ni moja mzee. Ukifika mbele ndiyo unakuta milango miwili."

Nikajiona tayari, alfajiri, nimeshika mswaki, nageukia kichaka. "Na kambi ya chini?"

"Ya chini ina korongo kavu, limeikata katikati. Kila upande una choo chake."

Kwa kweli niliona kama Mungu mwenyewe ndiye aliyelichimba lile korongo kwa ajili yangu. Kidole kikaenda kwenye ramani. Gwakisa akaninong'oneza, "Baba, kule juu kuna askari." Nikamjibu kwa sauti, ili mkwe wangu asikie, "Chini kuna heshima." (Nililipenda jibu hilo. Nilitembea nalo mpaka garini.) Mzee Nyenza akasema yeye atalala popote penye ugali. Leokadia hakuulizwa. Hakuna aliyemwuliza, na mimi nisingeweza hata kama ningetaka. Askari alipoona mkungu kwenye buti akasema, "Hizo ndizi zibaki humo humo, vioo vifungwe," nikamwambia sawa, kama mtu anayeambiwa habari za hali ya hewa.

Kambi ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Migunga mikubwa, mto umepungua unapita taratibu kati ya mchanga, kipupwe kinavuma. Upande wa huku ambako barabara inaishia kulikuwa na ukanda wa ardhi mpana kama uwanja wa nyumba, unatoka mitini unateremka mpaka mtoni, hauna jani, hauna mwiba, umelainika kama umefagiliwa asubuhi ile. Nikasema hapa hapa, hema langu likae hapa. Mzee Nyenza akanisifu, "Mkwe, hapo umepata," na mimi nikasimama katikati ya ukanda ule nimeshika kiuno. Mtu yeyote aliyechunga hata mbuzi angejiuliza ni nani anayepafagia mahali pale kila siku. Mimi ni mtu wa viazi.

Tukagawana. Mimi na hema langu na gari upande huu, wao watatu na mahema mawili na moto ng'ambo ya korongo. Bafu langu tukalitengeneza kwa turubai, tumelifunga kwenye miti mitatu karibu na hema. Ndizi nilizitoa garini nikaziingiza hemani kwangu, kwa sababu gari lilikuwa juani na nilijua zitaiva kupita kiasi, na mkwe wangu atapata la kusema. Shida ikawa ni vitu. Vyakula vyote vilikuwa kwenye gari, upande wangu, na mpishi ni Leokadia, upande wao, sasa kila kikihitajika chumvi Gwakisa anashuka korongoni, anapanda huku, anachukua, anashuka, anapanda kule. Kitunguu, vilevile. Sufuria, vilevile. Mwishowe akaja jasho linamtiririka akasema, "Baba, tuelewane. Ukiingia kuoga, paza sauti. Leokadia atakuja mwenyewe garini achukue vyote kwa mara moja. Wewe uko ndani ya turubai, humwoni, hakuoni." Nikaona ni mpango wa watu waliosoma.

Jua lilikuwa bado lipo, saa za kuandaa chakula cha jioni, nilipochukua beseni na sabuni nikaingia kwenye turubai, nikapaza sauti kama mtangazaji, "Ninaoga!"

Nikavua. Taulo nikalitundika juu ya turubai. Nikajimwagia maji, nikajipaka sabuni kuanzia kichwani, na hapo ndipo nikasikia kitu kinatafuna. Kraa, kraa, kraa, taratibu, nyuma yangu tu, kama mtu anayekula bisi. Macho yangu yamejaa povu. Nikajua ni Mzee Nyenza, amevuka kuja kunichokoza.

"Mkwe," nikasema, "hebu niache nioge."

Kikaacha kutafuna. Halafu ikaja pumzi, ndefu, ya moto, inanuka majani, na turubai likanijia mwilini likanigusa, likarudi. Mzee Nyenza ana mapafu, lakini si hayo. Nikajifuta jicho moja nikachungulia chini ya turubai, nikaona mguu. Mguu mmoja tu, na ule mguu ulikuwa umejaza nafasi yote. Nyuma yake kulikuwa na mingine, wanakuja kwa mstari kwenye ule ukanda wangu uliofagiliwa, wanaokota maganda ya migunga kwa mikonga, bila haraka, kama watu wanaorudi nyumbani kwao.

Ng'ambo nikamsikia Gwakisa, anaita kwa sauti ya kubana. "Baba. Usitoke. Kaa humo humo. Usitikisike."

Alikuwa sahihi. Baadaye kijana mmoja anayeongoza watalii aliniambia vilevile, kwamba wale hupita pale kila siku kwenda kunywa maji, ningetulia wangenizunguka na kuendelea na safari yao. Lakini hebu fikiria, uko uchi, umejaa sabuni, huoni vizuri, na nyumba yako ni turubai, na turubai lenyewe limeanza kuondoka. Ndiyo, liliondoka. Sijui lilinasa kwenye pembe au yule wa mbele alilivuta kwa kutaka kujua, nilichoona ni kamba inakatika, turubai linakwenda, na taulo langu linakwenda nalo.

Nikashika beseni. Nikaliweka pale linapotakiwa kuwekwa. Nikakimbia.

Kumbe juu barabarani palikuwa na gari la watalii, lile la wazi pembeni, limesimama, lilikuwa linawafuata hao tembo tangu mbali. Wazungu wamesimama na kamera zao. Walikuja kupiga picha tembo, wakapewa na nyongeza. Nilisikia mwanamke mmoja anacheka mpaka anakosa pumzi, na sikumlaumu wakati ule wala simlaumu sasa, mzee wa Kinyakyusa mwenye povu kichwani na beseni la bluu mbele, nyuma hakuna kitu, anakimbia kandambili mguu mmoja, ni jambo la kuchekesha. Hapo ndipo katikati niliposema, na hapo ndipo kicheko changu huishia.

Kwa sababu nilikuwa nakimbilia garini, na Leokadia alikuwa pale garini.

Alikuwa amefungua mlango. Ameshika mfuko wa unga mkono mmoja, mguu mmoja ameshaingiza ndani. Alikuwa amewaona tembo kabla yangu na alikuwa amefanya lililo sahihi, sekunde moja tu ilibaki awe ndani, mlango umefungwa, yuko salama. Akageuka akaniona nakuja. Alinitazama, ndiyo mara ya kwanza kunitazama usoni tangu aolewe, na nikaona kwenye macho yale kwamba hakuwaogopa tembo kama alivyoniogopa mimi. Akauweka unga chini. Akautoa mguu ndani ya gari. Akajifunika uso kwa kile kitenge chake, wote, kabisa, akauacha mlango wazi kwa ajili yangu, akakimbia kuelekea korongoni bila kuona anakokwenda.

Mimi nikaingia garini, nikafunga mlango.

Nilimsikia akianguka. Kwanza mawe, halafu sauti yake, "Mama weee!"

Sasa niwaambie nilichofanya. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Tembo walikuwa wamefika kwenye hema langu, wamepata ndizi, hema limelala chini na yule mkubwa anavuta zipu kwa utulivu wa fundi cherehani, kwa hiyo kati yangu na korongo palikuwa wazi. Kwenye kiti kulikuwa na khanga. Nikaishika nijifunge, nikaona ni ya nani, nikaiachia. Khanga ya mkamwana! Nikatafuta gunia, mfuko, chochote, hakuna. Nikafungua mdomo nimwite, na jina halikutoka. Miaka yote hiyo sikuwahi kulitamka akiwa karibu. Nikaita, "Wewe! We mtoto!"

"Baba," akajibu kutoka kule chini, "mguu. Siwezi kusimama, baba."

Nikatoka garini nikaenda mpaka ukingoni. Alikuwa amelala chini ya korongo, mguu wa kushoto umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Aliinua uso akaniona nimesimama pale juu na beseni langu, na pamoja na maumivu yale yote akafumba macho. Alifumba ili asinione. Ukingo ulikuwa mkali, kuuteremka ilihitaji mikono miwili, mmoja kushika mizizi na mwingine kushika mawe, na mimi nilikuwa na mkono mmoja tu, kwa kuwa mwingine umeshika beseni. Nilichotakiwa kufanya ni kuachia beseni. Alikuwa amefumba macho, nawaambieni, alikuwa ameshafumba macho. Sikuliachia.

Nilisimama pale hadi Mzee Nyenza akatokea upande wa pili, anateleza kwenye mawe kwa makalio na goti lake bovu, Gwakisa nyuma yake, na akamfikia mwanawe akamwekea kichwa kwenye mapaja akaanza kumwambia maneno ya Kihehe ambayo siyajui. Mimi nikawa nimesimama bado. Yule kijana wa watalii akaleta gari lake taratibu akalikingamisha kati yetu na tembo, akanitupia shuka. "Mzee, jifunge," akasema bila kunitazama. Wale wageni hawakuwa wanacheka tena. Mmoja wao alikuwa analia.

Tukamfunga mguu kwa mbao za kitanda cha kambi, tukampakia garini mwetu, kiti cha katikati. Gari letu lilikuwa moja, kwa hiyo mimi na mkamwana wangu tukasafiri pamoja, mimi mbele nimevaa shuka la mtu, yeye nyuma yangu, na kila gurudumu lilipoingia shimoni alikuwa anavuta pumzi kwa meno. Barabara ile ina mashimo mengi. Hakulia kwa sauti. Nilijua ni kwa nini hakulia kwa sauti, na nilitamani alie.

Tulipoanza kuziona taa za mji Mzee Nyenza alizungumza kwa mara ya kwanza. Hakukasirika, na hakufanya utani. Aliniuliza tu, kama mtu anayetaka kujua.

"Baba Gwakisa, pale juu ulikuwa unangoja nini?"



Hospitali walimpasua, wakamwekea chuma, mguu ukaunga lakini haukuunga sawa. Anachechemea. Kazi ya wodini ya kusimama kutwa alishindwa, akahamishiwa dirisha la dawa. Walipomwuliza ilikuwaje akaacha gari na alikuwa ameshaingia, alijibu maneno machache, Gwakisa ndiye aliyeniambia. Alisema, "Nilimwona baba anakuja, nikampisha."

Mimi nilirudi Uyole. Picha ilikuwa imefika kabla yangu, sijui ilipita simu za nani, na kijana wa duka la mbolea akaniamkia, "Shikamoo Mzee Beseni," watu wote dukani wakacheka, na mimi nikamwitikia marahaba. Hilo halikuniuma. Watu waliniita hivyo hadi wakachoka wenyewe.

Kilichoniuma kilikuja baada ya Leokadia kutoka hospitali. Gwakisa alikuja Uyole mwenyewe, hakupiga simu, na nilipomwona anaingia uani nilianza kutafuta sanduku kwa macho, maana bado nilikuwa na tumaini. Alikaa kwenye kigoda, akanywa chai, akazungushia mikono kikombe muda mrefu.

"Baba, sitakuchukua," akasema.

"Amekataa yeye?"

"Yeye anasema uje. Hata jana kasema, baba aje. Mimi ndiye niliyekataa. Siwezi kuweka ndani ya nyumba mtu ambaye mke wangu lazima amkimbie."

Nikamwambia tuache, mila hiyo tuiache, naweza, nitakaa naye meza moja, nitamwita jina. Nikalitamka pale pale mbele yake, Leokadia, Leokadia, kama mwehu, nikimwonyesha kwamba naweza.

Gwakisa akanitazama macho yamejaa machozi. "Nakuamini unaweza," akasema. "Ila yeye hawezi tena, baba. Akisikia tu umepiga simu, anavuta kitenge."

Aliondoka kwa basi la mchana. Sasa wana mtoto wa kike, wamempa jina la marehemu mke wangu, na anatembea. Wao huja Uyole Pasaka, Gwakisa na mtoto, wanafika asubuhi wanaondoka jioni, mama yake anabaki Mlandege. Nikiombwa tena kuchagua kwa ajili ya watu nitauliza kwanza yule ambaye hajaulizwa, lakini simwoni wa kuja kuniomba. Nilichagua kambi ya chini ili nisikutane na mkamwana wangu kwenye njia ya chooni. Nimepoteza nyumba ya mwanangu, yeye amepoteza uzima wa mguu wake, na ninazeeka peke yangu.